Jirani wa Juu na Chupa Zake za Tangawizi

Nilimfahamu jirani wa juu kupitia dari yangu kabla sijamwona sura. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani pale Yeoville, mtaa wa Johannesburg, nashona gauni la bibi harusi, satini nyeupe pee, mara juu ya kichwa changu nikasikia paa! Kisha nyingine. Kisha zikafuatana, paa, paa, paa, na mie tayari niko chini ya meza, nimelikumbatia gauni la watu, natoa shahada. Ulikuwa mwaka 2009. Mwaka uliotangulia wageni tulikuwa tumepigwa na kufukuzwa majumbani humu mjini, kwa hiyo mlio wowote ulitosha kutupeleka chini ya meza. Nikangoja. Kilichofuata hakikuwa kelele za watu, kilikuwa tone la maji ya manjano, likapenya kwenye ufa wa dari na kutua juu ya satini, kifuani kabisa. Nikalinusa. Tangawizi.

Basi nikapanda ngazi nimefura. Matusi nilikuwa nimeshayapanga, la kuanzia na la kumalizia. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mrefu, kajifunga kitenge, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na kichwani kajifunika sufuria.

"Karibu," akaniambia, "ila usiingie. Zimebaki mbili."

"Mbili za nini?"

"Chupa. Njoo huku nyuma ya mlango, haraka."

Jamani, mie niliyekwenda kugombana nikajikuta nimebanana na mtu nisiyemjua nyuma ya mlango wake, tumeshikana mikono, tunangoja chupa zipasuke. Zikapasuka. Akavua sufuria, akaniangalia toka juu hadi chini, akaliona gauni mkononi mwangu. "Hilo nitalisafisha mimi," akasema, wala hakuomba radhi. Akalisafisha kwa maji baridi na siki, taratibu, hadi doa likatoka lote. Bibi harusi yule hajui hadi leo, na nyinyi msimwambie.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, sitaeleza. Mwenyewe hakupenda kuyasimulia, na mie na umbea wangu wote kuna milango siigongi. Alikuwa Mrundi, mjane, mwenye binti mmoja, na hayo yanatosha. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, cha "musiguse" na "mukae", na Kifaransa kidogo cha hapa na pale, hasa akikasirika. Mie wa Tanga nilikuwa najitia mwalimu wake wa Kiswahili, namsahihisha. Akawa ananisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu anaendelea vilevile kama alivyoanza.

Sijapata kuona mtu anayejiamini kama yule. Akivuka barabara robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu kwa waendao kwa miguu, anainua mkono mmoja kama trafiki, na madereva wa teksi, wale wasioogopa hata polisi, wanasimama. Akiingia sokoni, hachagui tangawizi iliyopangwa juu. Anatia mkono chini kabisa ya gunia, anavunja kipande, anakinusa, anakirudisha, na muuzaji anabaki anamtazama tu. Siku moja muuzaji mmoja akamfokea kwamba anamvunjia mali. Akamjibu, "Baba, hii mali yako imelala. Mimi nahitaji iliyo macho." Akahamia meza ya pili, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukahama naye.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana, na hayo ndiyo yaliyonifanya nimpende. Kanisani kwake pombe ilikuwa haramu, naye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuikemea. Lakini chupa za kutilia tangawizi yake alizipata wapi? Nyuma ya baa! Kila Jumatatu asubuhi alikwenda na mfuko wake kuchagua chupa tupu, kitambaa cha kanisa kichwani. Mke wa mchungaji akamkuta huko siku moja, macho yakamtoka. "Mama," akamwuliza, "unafanya nini hapa?" Jirani wa juu akamjibu pasipo kupepesa, "Nazitoa utumwani." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma aliponihadithia, na yeye hakucheka hata kidogo. Kwake yeye lile lilikuwa jibu.

Nikamwuliza kama hiyo hamira anayotia si ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza pombe.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Lakini mimi naiwahi. Ikipata gesi tu, naitia kwenye friji. Pombe ni ya wavivu wanaoisahau."

Kufundisha alikuwa akifundisha Jumamosi mchana, jikoni kwake, wanawake wa jengo letu na mmoja wawili wa kanisani. Darasa la wanaoanza, akiliita, ingawa darasa la waliokwisha kujua sikulisikia kamwe. Kwake yeye sote tulikuwa wanaoanza, na tungekufa tunaanza. Kwanza tunanawa mikono. Halafu tunaosha chupa kwa maji ya moto. Halafu tunanawa tena mikono, kwa sababu kuna mtu amejikuna kichwa, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mie.

"Tangawizi haimenywi," alikuwa akisema. "Ukiimenya unatupa nusu ya ukali. Ioshe, ikwaruze na ganda lake, ichemshe na sukari. Usionje! Itakupa kiburi. Iache ipoe."

Hapo kwenye kupoa ndipo tulipokuwa tunaanguka mtihani. Hamira haitaki maji ya moto, na haitaki maji ya baridi. Inataka vuguvugu la maziwa ya mtoto, lile unalolipima juu ya kiganja, na mie subira Mungu hakunipa. Mara yangu ya kwanza niliimwaga hamira sufuria ikiwa bado inafuka moshi. Jirani wa juu akaja, akachungulia, akavua miwani.

"Umeua," akasema.

"Si itaamka?"

"Fundi, umeua. Simama, tuinyamazie kidogo." Na kweli akatusimamisha wote jikoni mle, vichwa chini, kuiombolezea hamira. Sikuua tena.

Ikishapoa vizuri, unatia hamira, ile ya kushika kwa ncha za vidole tu, na ndimu, unaichuja, unaitia kwenye chupa, na unaacha nafasi shingoni ili gesi ipate pa kukaa. Tangu siku ya dari yangu chupa za vioo alizipiga marufuku kwa sisi wanaoanza. Tulitumia zile za plastiki za soda. "Plastiki ukiiminya inakujibu," alisema. "Kioo kinakunyamazia mpaka siku kinakupasukia." Basi asubuhi na jioni unaiminya chupa. Ikibonyea, bado. Ikiwa ngumu hata kidole hakiingii, mbio kwenye friji, usisubiri hata kumaliza simu. Ukiifungua, unaifungua kidogo, unairuhusu ipumue, unaifunga, unaifungua tena. Watu wa pupa waliosha nayo nyuso.

Wakati wa baridi ndipo ungemwona vizuri. Joburg mwezi wa sita si mchezo, na hamira baridi ikiikuta inalala. Watu wengine wanaacha kazi mpaka joto lirudi. Yeye alizivika chupa zake masweta. Kihita chake kimoja cha kupashia chumba joto kilikaa mbele ya chupa, blanketi zuri likafunika chupa, na mwenyewe akakaa pembeni kavaa makoti mawili, anatetemeka, anakunywa maji ya moto. Nilimwambia, "Mama, utakufa kwa ajili ya soda." Akaniambia mimi sijazaa bado, nitaelewa. Nimezaa sasa, na bado sijaelewa, lakini sweta zangu za zamani nilimpelekea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana picha ya mtu bila kovu lake si picha.

Huyu mwanamke mkarimu, ambaye hukuweza kutoka kwake bila chupa mkononi, hakunywa kitu cha mtu. Hakunywa chai yangu mpaka aone mie nimepiga funda kwanza. Ukimletea soda, uifungue mbele yake, asikie psss kwa masikio yake. Akienda msibani au harusini, anabeba chupa yake kwenye mkoba. Mwanzoni nilidhani ni dharau, nikamvaa: "Mama, unadhani mie mchawi?" Akashangaa kweli kweli. Kwao, akanieleza, ndiyo heshima yenyewe. Mgeni anapewa chupa iliyofungwa, inafunguliwa mbele ya macho yake, na kama kinywaji ni cha mtungi, mwenyeji anaonja kwanza, mgeni anapokea kwa moyo mweupe. Ndiyo maana naye hakupata kumpa mtu tangawizi iliyokwisha kumiminwa. Alikufungulia mbele yako, akanywa tone, akakupa.

"Na kuna jambo jingine," akasema siku hiyo, huku akikausha kifuniko ambacho kilikuwa kimekauka zamani. "Kaka yangu alikunywa kwa jirani, akafa wiki hiyo hiyo. Kama ni kile kinywaji au ni malaria, hatukujua. Ungejua ni malaria, ungeacha kuogopa. Mimi sijui, kwa hiyo siachi."

Tangu siku hiyo chai yangu nilipiga funda kabla hajaniangalia.

Binti yake alikuja nchi hii mdogo. Kiswahili alikisikia, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kizulu au Kiingereza, na akitaka kumbembeleza mama yake ndipo alipokitafuta. Akapata mchumba, kijana wa Soweto, mpole, mtu wa kucheka. Jirani wa juu hakuwa na neno naye. Siku aliyoletwa kutambulishwa alifunguliwa chupa, akanywa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka kwa ule ukali, akasema, "Eish, mama, hii inapiga," akaomba nyingine. Huyo basi akapita.

Harusi ikapangwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia, uani kwa wakwe, Soweto. Jirani wa juu alijiandaa kwa udi na uvumba. Alitengeneza tangawizi kwa makreti, akazifunga chupa moja moja, akazifunga na utepe mweupe shingoni. Utepe niliukata mie, kutoka kwenye mabaki ya satini. "Wataona," akawa anasema. "Wataona binti yangu hakuokotwa." Hilo ndilo alilolitaka, wala hakulificha: wakwe wajue kwamba binti ana kwao, na kwao ni kwa watu wenye kujua kupokea wageni.

Nilikuwepo. Nilikaa nyuma yake hasa, nimevaa gauni nililojishonea. Makreti yalipopangwa mezani niliona wakwe wakitazamana. Wao tangawizi wanaijua sana, wanaiita gemere, hakuna harusi wala msiba wao bila hiyo. Lakini ya kwao inakaa kwenye ndoo nyeupe kubwa, iko wazi, zabibu kavu na vipande vya nanasi vinaelea juu, na kila mtu anachotewa kwa kikombe. Chupa zilizofungwa kwao ni mali ya spaza, vile viduka vya mtaani. Nikamsikia shangazi mmoja akinong'ona, "Ametuletea za kuuza?"

Kisha mama mkwe mwenyewe, mama wa yule kijana, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, akainuka. Akachota gemere kwenye ndoo, akakijaza kikombe, akavuka ua mzima mbele ya watu, akamletea jirani yangu kwa mikono miwili. Watu wakapiga vigelegele. Jirani wa juu akapokea, akatabasamu, akakirudisha kikombe mbele kidogo, na kwa ule upole wake wote, kwa Kiingereza ili aeleweke, akamwambia aonje kwanza.

Loo! Vigelegele vikakatika kama redio iliyozimwa. Mama mkwe akauliza, "Nionje nini? Sumu?"

Binti akasimama, anataka kueleza, maneno hayatoki. Jirani wa juu naye akabaki na kikombe mkononi, bado anatabasamu, kwa sababu kwao hilo ni neno tamu la kuambiana wakwe, na alikuwa anangoja lile funda ili na yeye anywe. Mama mkwe hakupiga funda. Alikichukua kikombe, akakiweka mezani, akaenda kukaa. Chakula kikaliwa, ngoma zikapigwa, lakini hakuna mtu wa upande ule aliyegusa chupa hata moja. Makreti yakarudi Yeoville na utepe wake.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Si ungekunywa tu! Ungekunywa ungekufa?"

"Pengine," akasema.

"Mama!"

"Fundi, sijamtukana. Nimemwambia neno ambalo mama yangu aliwaambia wakwe zake. Kama yeye amesikia tusi, mimi nifanye nini na masikio yake?"

Ndivyo alivyokuwa. Kujiamini kule kule kulikosimamisha teksi ndiko kulikomzuia kurudi nyuma. Na gharama yake ilionekana upesi. Binti akazaa mtoto wa kike, na mama mkwe akatamka kwamba mtoto wa nyumba ile hatapelekwa kwa mtu anayeidhania nyumba ile kuwa ya wachawi. Binti alikuwa anakuja Yeoville peke yake, matiti yamejaa maziwa, anatazama saa. Jirani wa juu alimwona mjukuu kwenye simu tu, picha anaikuza kwa vidole mpaka inakuwa pua tupu. "Pua ni yetu," aliniambia. Darasa la Jumamosi liliendelea, sauti ile ile. Ila alianza kuzisahau chupa. Mara mbili nilikuta zimekuwa pombe kabisa, mtu aliyekuwa akisema pombe ni ya wavivu.

Mie huku nikaendelea na ushonaji wangu, na ushonaji ndio ulionipa jibu. Nilipelekwa na mteja mmoja, mtu wa Soweto kama wale wakwe, kwenye sherehe ya ukoo wao, nirekebishe nguo palepale. Wazee wamekaa, pombe ya mtama ikaletwa kwenye chungu, na mwanamke aliyeipika akapiga magoti, akaikoroga, akainywa yeye kwanza mbele ya watu wote, ndipo akakitoa chungu. Sindano ikaniponyoka. Nikamwuliza mteja wangu, mbona kaanza yeye? Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini watu wanavaa viatu. "Kuonyesha haina sumu," akasema. "Ni heshima."

"Na gemere je? Mnaionja?"

Akacheka. "Gemere? Hiyo ni ya watoto na watu wa kanisa. Nani atamtilia sumu mtoto?"

Nilirudi Yeoville nikapanda zile ngazi mbio, nikamweleza jirani wa juu nikiwa bado nahema. Kwamba desturi yao na yake ni moja. Kwamba angeomba hivyo kwenye chungu cha pombe, mama mkwe angemwonjea kwa furaha na kumwona mtu wa heshima. Ila kaomba kwenye kinywaji cha watoto, na hapo ni sawa na kumwambia mtu kwamba anaua watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote nilipomsahihisha Kiswahili.

"Kumbe," akasema. Akageuka, akaendelea kukwaruza tangawizi. Nikashuka nimekasirika, nikijua kabisa kwamba ataendelea vilevile kama alivyoanza.

Muda si mrefu nikapata kiduka mtaa wa Kensington, mji ule ule, nikahama. Mwaka ukapita na ushei hatujaonana, simu za sikukuu tu. Halafu mwaka 2014, asubuhi ya Jumamosi moja, nikamwona amesimama mlangoni kwangu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Amejifunga kitenge kipya, na miguuni kwake ndoo nyeupe imefunikwa kwa kitambaa. Nyuma yake gari ya mkwewe, yule kijana, imewashwa.

"Fundi, funga duka. Twende."

"Wapi? Nina suruali za watu!"

"Suruali hazina miguu. Twende."

Nikafunga. Ndoo ikapakatwa na mie kiti cha nyuma, na kila robot tuliyosimama ikanimwagikia kidogo mapajani. Nikainua kitambaa. Ndani ilikuwa gemere, ya wazi, zabibu na nanasi zinaelea. Yule aliyetuapisha kufunga kila chupa! Nikamtazama kwenye kioo cha mbele, hakugeuza shingo. Tulipokaribia Soweto ndipo akasema, kwa sauti ndogo niliyokuwa siijui, "Mama wa mkwe wangu amekubali nije. Nikishindwa leo, fundi, sitarudi tena kuomba." Nikaona vidole vyake vinavyominya mkoba, kama aminyavyo chupa.

Mama mkwe alikuwa ameketi uani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya stuli, goti lilikuwa linamsumbua. Binti alisimama nyuma yake na mtoto kiunoni. Mtoto alimtazama bibi yake kama watoto wanavyotazama mgeni yeyote, akaficha uso. Salamu zikatolewa, fupi. Jirani wa juu akaiweka ndoo chini mbele ya mwenyeji wake, akachota kikombe, na mkono ukaanza kwenda kinywani mwake mwenyewe, aonje kwanza. Ukaishia njiani. Akakitoa kikombe hivyo hivyo, kwa mikono miwili.

Mama mkwe akakipokea, akakinywa chote. Akapangusa midomo. Akasema neno moja kwa binti, na binti akaingia ndani, akatoka na kikombe kingine. Kilichotekwa huko jikoni. Hatukuona kimetekwa na nani, wala kutoka wapi. Mama mkwe akakishika, akamtazama jirani yangu machoni muda mrefu, kisha polepole, mbele yetu sote, akakiinua aonje kwanza, lile funda aliloombwa siku ya harusi.

Jirani wa juu akamdaka mkono.

"Hapana, bamwana," akasema. Bamwana, ndivyo kwao wanavyoitana wazazi wa mume na wa mke. Akakitwaa kikombe, na mie niliye karibu niliona gemere inamwagika kidoleni. Akafumba macho. Akanywa. Akanywa hadi chini, nikaona koo linapanda na kushuka, na machozi yanamtoka kwenye macho yale yaliyofumbwa, majirani wanachungulia juu ya ukuta.

Akakishusha kikombe, akavuta kamasi.

"Sukari imezidi," akasema.

Binti akakitafsiri kile kisichopaswa kutafsiriwa. Mama mkwe kifua kikaanza kumtikisika, halafu kile kicheko chake kikubwa kikatoka, hata stuli ikateleza chini ya mguu.

"Basi Jumamosi ijayo uje utengeneze wewe," akamwambia, "tuone." Akanyoosha mikono nyuma, akamtoa mtoto kiunoni kwa binti, akamtia mikononi mwa jirani yangu.

Mtoto akalia. Jirani wa juu akamwacha alie, akamshika kwa mikono miwili, wala hakumrudisha.